Jinsi ya Kuandika Historia ya Ikulu ya Nchi Isiyokuwepo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa riwaya, tamthilia au mchezo wa redio ambaye amekwisha kubuni nchi yake, akaipa jina, bendera na matatizo, kisha akafika mahali ambapo wahusika wanapanda ngazi za ikulu na yeye mwenyewe hajui ngazi hizo zilijengwa na nani, kwa fedha za nani, wala zilikuwa zikielekea wapi kabla ya kuwapo rais. Katika kikundi chetu kidogo cha waandishi hapa Mombasa, tunaokutana barazani Mji wa Kale kila Jumamosi baada ya alasiri, wengi tumewahi kukwama hapo. Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuandika orodha ya marais, mmoja baada ya mwingine, na kumpa kila mmoja sifa moja na dhambi moja. Orodha hiyo itakufaa kwa mambo mengine, lakini haitakupa nyumba. Historia ya ikulu huanza na ardhi, maji na jiwe, na marais huingia baadaye kama wapangaji, kila mmoja akiikuta nyumba imekwisha kujengwa na mtu mwingine kwa shabaha nyingine.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: Jamhuri ya Umande, nchi ya visiwa vitatu ambayo haimo katika ramani yoyote, na ambayo nimeitunga kwa ajili ya somo hili tu. Kila mwaka na kila tukio la Umande ni la kubuni. Yale nitakayoyataja kuhusu Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na kwingineko ni mambo yaliyotokea, nayo nimeyaweka ili msomaji aone jinsi nyumba za watawala zinavyozeeka.

Nyumba ilikuwa nini kabla ya kuwa ikulu

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nyumba hii ilijengwa iwe nini? Ukizichunguza ikulu za kweli utaona kwamba nyingi hazikujengwa kwa ajili ya marais. Jengo la La Moneda mjini Santiago, nchini Chile, lilikuwa kiwanda cha kutengenezea sarafu, na jina lake limehifadhi kumbukumbu hiyo hadi leo. Lilikamilika mwaka 1805, na marais wakahamia humo katika miaka ya 1840. Jumba la Élysée mjini Paris lilijengwa kati ya mwaka 1718 na 1722 liwe makazi ya kabaila mmoja. Ngome ya Osu mjini Accra ilikuwa ya Wadenmaki waliofanya biashara ya watumwa, na baada ya uhuru serikali ya Ghana iliendesha shughuli zake ndani ya kuta hizo hizo kwa miongo kadhaa.

Mwandishi wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milan, ilikuwa ngome ya askari na papo hapo nyumba ya mtawala, maana kapteni wa Kireno aliishi ndani yake. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa, India, na kumbatiza kwa jina la Jeronimo, aliingia humo akamuua kapteni na kuitwaa. Mwaka uliofuata akaiacha, na Wareno wakarudi. Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 hadi walipoiteka Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi kuliko risasi. Baadaye ukoo wa Mazrui ukaitawala Mombasa kutoka humo kwa karibu karne nzima, hadi mwaka 1837. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, likawa gereza hadi 1958, kisha mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mtu akiwa na jioni moja tu ya kujifunza jinsi nyumba ya mtawala inavyobadilika mkono hata mkono, na aitumie kutembea ndani ya ngome hiyo, akitazama zaidi milango iliyozibwa kuliko mizinga.

Kuhama kwa makao makuu nako huzaa nyumba. Mombasa ilikuwa makao makuu ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1895 hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905, na hadi leo rais wa Kenya ana ikulu Nairobi na nyingine Mombasa, kule Kizingo, zote mbili zikiwa urithi kutoka kwa magavana. Tanzania nayo ilizindua Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma, mwezi Mei 2023, na ile ya Dar es Salaam ikabaki mahali pake kando ya bahari. Ikiwa nchi yako imewahi kuhamisha mji mkuu, amua mapema nyumba ya zamani ilifanywa nini, kwa sababu nyumba iliyoachwa na mtawala haikai tupu. Ama hupata kazi nyingine, ama hupata popo.

Kwa Umande niliamua kwamba ikulu ilianza kuwa ghala la chumvi. Mfanyabiashara alilijenga mwaka 1871 karibu na gati, chumvi chini na familia yake juu. Mwaka 1889 konseli wa kigeni alikodi orofa ya juu kwa sababu ilikuwa na upepo. Mwaka 1902 konseli akaondoka, gavana akaingia na kuchukua nyumba yote. Mwaka 1961 nchi ikapata uhuru, na rais wa kwanza akalala katika chumba kile kile alichokuwa akilala gavana, chini yake pakiwa na kuta zilizoshiba chumvi kwa miaka thelathini na moja.

Nilichagua chumvi kwa makusudi. Kila anayeishi ufuoni anajua kwamba chumvi ikishaingia ukutani haitoki kwa kupakwa rangi: ukuta huvuta unyevu wakati wa masika, kisha jua likiwaka chumvi hujitokeza kama unga mweupe, rangi huvimba, na ukiigusa kwa kidole hubanduka vipande vipande. Hapo nimepata kitu kimoja ambacho kila mtawala atalazimika kushughulika nacho, apende asipende, na hiyo ndiyo faida ya kuianza historia kwenye ukuta. Chagua nawe kasoro moja ya namna hiyo, iwe ni kisima kinachokauka, paa linalovuja au msingi uliojengwa juu ya mchanga, halafu usiiache hadi ukurasa wa mwisho.

Muulize mwashi kabla ya kumuuliza mwanahistoria

Nilipoandika rasimu ya kwanza ya ikulu ya Umande, nilimpa mfanyabiashara wangu wa mwaka 1871 ukumbi wa karamu wenye upana wa mita nane, dari yake ikiwa ya boriti za mikoko. Nilikuwa nimeridhika nao sana. Nikamsomea mzee mmoja mwashi ambaye amekarabati nyumba za Mji wa Kale maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa kahawa yake, akauliza, "Mwanangu, boriti hiyo waikata mkoko gani?" Nilijibu kwamba ni mkoko tu. Akanyoosha mikono yake miwili, akatazama ncha za vidole vyake, akasema kwamba yeye hajapata kuuona mkoko huo.

Kosa langu lilikuwa la kitoto. Vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni virefu na vyembamba, na upana wake aghalabu ni kati ya mita 2.5 na 3, kwa sababu boriti ndiyo inayoamua. Inalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa, na uzito huo hauihurumii boriti iliyonyooshwa kupita uwezo wake. Wakata mikoko wanazo daraja zao za miti kufuatana na unene, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, na kila daraja ina kazi yake. Mwandishi anayezijua daraja hizo hatamfanya mhusika ajifiche juu ya dari ya fito.

Kwa hiyo jua nyumba yako imejengwa kwa nini. Kuta za kale za pwani ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, na mawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi yalitumika pale palipohitaji nakshi, kama vile zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na fremu za milango, kwa sababu huchongeka yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, ikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na lipu yenyewe huanguka mabamba kwa mabamba. Katika historia ya Umande nimeandika kwamba lipu ya saruji ilipigwa kwa mara ya kwanza wakati wa matayarisho ya uhuru, kwa haraka, na msomaji anayejua ujenzi ataelewa bila kuelezwa kwamba nyumba imeongezewa ugonjwa siku ilipovishwa nguo mpya.

Vifaa vya ujenzi vina tarehe zake, na tarehe hizo hazijali mahitaji ya hadithi. Beit al-Ajaib, jumba la sherehe la Unguja lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliweza kuwa na roshani ndefu kulizunguka kwa sababu nguzo zake ni za chuma kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianzishwa mwaka 1951 na kuanza uzalishaji 1954. Kabla ya hapo saruji nyingi ya Mombasa ilikuja kwa meli. Ukitaka ukumbi mpana katika ikulu yako, basi uweke baada ya kufika kwa mihimili ya chuma, useme ni meli ya aina gani iliyoileta na nani alitia saini ya kuipokea. Mimi ule ukumbi wa mita nane niliuhamisha kutoka mwaka 1871 hadi 1908, nikampa gavana, na gavana huyo huyo nikamjengea roshani inayotazama bahari, iliyoshikiliwa kwa vyuma vilivyochomekwa ndani ya ukuta wa chumvi. Kuchomeka chuma ndani ya chumvi ni jambo ambalo mwashi yeyote wa Umande angemkataza, na nimehakikisha kwamba mmoja alimkataza.

Usisahau upepo. Nyumba ya pwani hujengwa ikijua kaskazi na kusi, na chumba cha mkubwa huwekwa pale panapopata hewa. Jambo hili ni dogo kuliandika na linaeleza mengi: rais anayehamia chumba kisichopata upepo ana sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni woga wa dirisha.

Miaka ikubaliane

Chora karatasi yenye safu tatu, ya kwanza mambo ya dunia, ya pili mambo ya nchi yako, na ya tatu mambo ya nyumba tu, kama vile kupaka rangi, kubadilisha mabomba, kuingiza umeme na kufukuza wapishi. Safu ya tatu ndiyo utakayoitumia zaidi. Kisha fanya hesabu za umri bila aibu, kwa kalamu. Katika rasimu yangu mpishi aliyeajiriwa na konseli mwaka 1890 akiwa na miaka ishirini alikuwa bado anakaanga samaki mwaka 1982, na hakuna aliyegundua hadi msichana mdogo kuliko wote kikundini alipouliza kwa upole kama mzee huyo wa miaka 112 alikuwa na msaidizi.

Hata hivyo mtu mmoja anayevuka kutoka utawala hadi utawala ni wa thamani kubwa, mradi hesabu zake ziwe sawa. Mtumishi aliyeingia nyumbani mwa gavana mwaka 1938 akiwa na miaka kumi na sita atakuwa na miaka thelathini na tisa siku ya uhuru mwaka 1961, yaani bado ana nguvu, anajua funguo zote, na ndiye pekee anayeweza kumwonyesha rais mpya swichi ya taa ya ngazini. Nadhani hakuna tukio la uhuru lenye ukweli zaidi ya hilo: mkuu wa nchi amesimama gizani akisubiri kuonyeshwa swichi.

Jeraha moja linatosha

Nyumba za watawala hupigwa mizinga, huungua na huanguka, na mwandishi mchanga hutaka yake ipatwe na yote matatu. Nashauri uchague moja. Beit al-Hukm ya Unguja iliangamizwa na mizinga ya manowari za Kiingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika saa moja, ilhali Beit al-Ajaib jirani yake ilibaki imesimama. Nyumba ya gavana wa Kijerumani Dar es Salaam iliharibiwa kwa mizinga ya meli wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, nayo Waingereza wakaijenga upya mwaka 1922. La Moneda ilishambuliwa na ndege za jeshi la nchi yake yenyewe tarehe 11 Septemba 1973. Ikulu ya Haiti iliporomoka katika tetemeko la tarehe 12 Januari 2010. Kila moja ya nyumba hizi ina siku yake, na kila siku ilikuwa na sababu zilizoandaliwa miaka mingi kabla.

Lakini majeraha ya polepole humfaa mwandishi zaidi. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti wa Rais Truman ulitoboa sakafu katika Ikulu ya Marekani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nyumba nzima ilikuwa imechoka kwa sababu ya miaka mingi ya kutobolewa na kukatwakatwa ili kupitisha mabomba na nyaya. Familia ya rais ikahama, sehemu ya ndani ikabomolewa yote, zikaachwa kuta za nje tu, na hadi mwaka 1952 nyumba ikawa imejengwa upya juu ya fremu ya chuma ndani ya ngozi yake ya zamani. Beit al-Ajaib nayo, iliyookoka mizinga ya 1896, sehemu yake kubwa iliporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Mzinga ulishindwa, uzee ukaweza.

Kwa Umande jeraha ni roshani ya gavana. Vyuma vya mwaka 1908 vimekuwa vikiliwa na kutu ndani ya ukuta kwa miaka sitini na tisa. Kutu huvimba, ikivimba hupasua jiwe, na jiwe likipasuka maji huingia zaidi. Mwaka 1977, siku ya sherehe za uhuru, roshani ikaanguka nusu saa kabla rais hajatoka kupunga mkono. Hakuna aliyekufa. Taarifa ya serikali ikasema ni hujuma, na watu wanne wakakamatwa. Angalia kwamba sijahitaji mhalifu yeyote kufika hapa. Nimehitaji chumvi, chuma na muda, kisha ndio wakaja wanasiasa kutafuta wa kumlaumu.

Jina la rasmi, jina la mtaani na uongo unaopendwa

Neno ikulu lenyewe lilitoka bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao lilikuwa makao ya mtemi, na Kiswahili kikalichukua likawaenea marais wote, wa kwetu na wa kigeni. Kabla ya hapo tulikuwa na Jumba la Gavana. Kule Unguja, jumba la kifalme la Beit al-Sahel liliitwa Jumba la Wananchi baada ya mapinduzi ya 1964, na tangu mwaka 1994 ni makumbusho. Ukibadilisha utawala, badilisha jina; na ukibadilisha jina, kumbuka kwamba wauza samaki hawatalifuata. Katika Umande jina rasmi ni Ikulu, lakini manahodha na wachukuzi wa gatini huita Ghalani, na mtu akitaka kusema kwamba rais yumo mjini husema, "Mkubwa yuko ghalani." Marais wawili walijaribu kulipiga marufuku jina hilo. Limebaki.

Ikulu yenye historia kamili pia ina hadithi moja isiyo ya kweli ambayo kila mtu huiamini. Wengi duniani husema kwamba nyumba ya marais wa Marekani ilipakwa rangi nyeupe ili kufunika madoa ya moto uliowashwa na Waingereza mwaka 1814. Ukweli ni kwamba ilipakwa chokaa mwaka 1798, kabla rais yeyote hajaishi humo, ili kulinda mawe yake na baridi. Hadithi ya moto inapendeza zaidi, kwa hiyo haifi. Watu wa Umande husema kwamba rangi ya ikulu hubanduka kwa sababu mtu aliyeonewa na gavana aliulaani ukuta. Mwandishi asiichekee hadithi hiyo, na asiitie muhuri pia. Aiandike kama inavyosemwa, na kurasa chache mbele amwache fundi akwangue ukuta, alambe kidole, ateme.

Kiwanja ni cha nani

Hapa ndipo waandishi wengi hupita mbio, na mimi ningependa wakae. Jengo lina mwenye jengo, na ardhi ina mwenye ardhi, na hao wawili wanaweza wasiwe mtu mmoja. Mombasa tunalijua hilo vizuri. Katika miaka yote ile ambayo funguo za Ngome ya Yesu zilikuwa mikononi mwa askari jela wa serikali ya Kiingereza, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu yake, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki yake, na haikuteremshwa ila ilipofika Desemba 1963. Mtu aliyepita chini angeweza kuuliza ngome ni ya nani, akapata majibu mawili na yote yakawa sahihi.

Kwa hiyo niliufanya uwanja wa ghala la chumvi kuwa wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na faida yake huenda pale mwekaji alipoamuru. Inaweza kupangishwa tu. Mfanyabiashara wa 1871 aliukodi uwanja kutoka kwa msimamizi wa wakfu wa msikiti mdogo ulio nyuma ya gati. Konseli akalipa kodi, gavana akalipa, akikunja uso. Rais wa kwanza aliletewa bili mwezi wa tatu wa utawala wake na mzee aliyevaa kanzu safi, ambaye alimwambia kwa adabu zote, "Mheshimiwa, hii si ya kwangu, ni ya mafuta ya taa za msikiti." Historia nzima ya Umande waweza kuiandika kwa kufuata stakabadhi za kodi hiyo: nani alilipa kwa wakati, nani alichelewesha, nani alituma askari, na nani alilipa mara mbili siku za mwisho za utawala wake akitafuta dua.

Ukiwa na stakabadhi, huhitaji hotuba. Daftari la stoo, orodha ya vyombo vilivyovunjika, bili ya fundi na barua ya kuomba mikeka mipya vitakueleza utawala ulivyokuwa kwa uaminifu zaidi ya picha rasmi ya ukumbini. Kwa upande wa jikoni neno langu ni fupi: jua chakula kiliingia kwa lango gani, na nani alikionja.

Ni nani anayesimulia

Baada ya kuyapanga hayo yote, amua kalamu iko mkononi mwa nani. Kijitabu cha serikali kitasema nyumba "ilifanyiwa maboresho". Karani mstaafu wa stoo atataja idadi ya makopo. Mimi nilimchagua karani, na hiki ni kipande cha historia yake, ambacho nakiweka hapa ili uone jinsi kasoro moja inavyoweza kubeba tawala tatu bila mwandishi kupaza sauti.

Mwezi wa Februari 1963 iliagizwa kwamba kuta za ukumbi wa chini zipakwe kijani, ambayo ni rangi ya bendera, badala ya nyeupe iliyopendwa na magavana. Kazi ilichukua siku kumi na moja na makopo arubaini. Kufikia Agosti rangi ya upande wa kusini ilikuwa imevimba hadi kimo cha goti. Fundi aliitwa, akaeleza kwamba ukuta ni wa ghala, akaambiwa neno ghala lisiandikwe katika ripoti. Ikaandikwa: unyevu wa msimu. Makopo mengine ishirini yakaagizwa. Rais wa pili alichagua samawati, makopo thelathini na sita kwa mwaka, miaka saba. Rais wa tatu alikuwa mtu wa kubana matumizi. Aliufunika ukuta wote kwa mbao za mvule, na tangu siku hiyo stoo haikutoa hata kopo moja. Mwaka 1985, mbao zilipotolewa kwa ajili ya nyaya za simu, nyuma yake palikuwa na chumvi ya kujaza pakacha mbili. Mpishi aliomba kuichukua. Alikataliwa kwa maandishi.

Karani hakumlaumu mtu, na wala hakuhitaji. Lugha ya historia ya namna hii iwe kavu kiasi. Pongezi na matusi yote mawili huifanya nyumba ionekane ya karatasi.

Mambo mawili ya tahadhari kabla hujaanza. Nchi yako ikiwa ya kubuni, basi iwe ya kubuni kweli: usimchukue kiongozi aliye hai ukambadilisha herufi mbili za jina, kwa kuwa msomaji ataacha kuitazama nyumba na kuanza kumtafuta mtu, na wewe waweza kujikuta mahakamani. Na ukienda Kizingo kutazama mahali ikulu inavyokaa baharini, tembea kama watembeavyo watu wengine wanaopunga upepo ufuoni kule Mama Ngina, tazama miti, tazama urefu wa ukuta, sikia honi ya kivuko cha Likoni, na simu ikae mfukoni. Utakachokikumbuka ukifika nyumbani kitatosha.

Rasimu ikikamilika, mtafute mtu anayejua kujenga umsomee kwa sauti. Mimi nilirudi kwa mzee wangu mwashi na historia nzima ya Umande, ukumbi ukiwa mahali pake, vyuma vikiwa na kutu yake, miaka ikiwa imekubaliana. Alisikiliza, akatikisa kichwa mara mbili kwa kuridhika pale roshani ilipoanguka, akaiweka chini kikombe chake cha kahawa. Kisha akauliza, "Na maji ya mvua, mwanangu, yashukia upande upi?" Nikaenda nyumbani kuchora milizamu.